Nishani za babu: nilivyoitafuta bei yake ya kweli

Babu mzaa baba alikuwa Keya, askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, na alipofariki aliacha kopo la tumbaku lenye nishani tatu. Miaka ikapita bila mtu kuziulizia. Kisha akatokea mnunuzi wa vitu vya kale, akamtajia baba mdogo shilingi laki mbili kwa zote, na ghafla ukoo mzima ukawa na maoni. Baba mdogo alianza kuota kiwanja Kibaha: kama mtu anatoa laki mbili bila kubembelezwa, basi hizo ni mali ya mamilioni. Mimi nikapewa kazi ya kuulizia kabla hatujajibu.

Nilianza kwa sonara. Aliipima moja tu, ile ya fedha, akanitajia bei kwa gramu, mbili nyingine akanirudishia bila hata kuziweka kwenye mizani. Bei ya sonara ni bei ya madini tu. Lazima uijue, maana ndiyo sakafu, lakini haikuambii kitu kuhusu nishani yenyewe.

Ikabidi nizitambue. Ya kwanza ni nyota ya ncha sita yenye rangi ya shaba, katikati ina taji na herufi za Mfalme George VI, na kuizunguka yameandikwa maneno THE BURMA STAR, yaani nyota ya waliopigana Burma katika Vita Kuu ya Pili. Utepe wake una mstari mpana mwekundu katikati, bluu iliyokolea pande zote mbili, na mstari mwembamba wa rangi ya machungwa ndani ya kila bluu. Ya pili ni ya mviringo, shaba iliyochanganywa na nikeli, nyuma ina simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili na miaka 1939 na 1945. Hiyo ni War Medal, nishani ya jumla ya vita hivyo hivyo. Ya tatu, ya fedha, ina sura ya Malkia Elizabeth na kibao kidogo juu yake kilichoandikwa KENYA. Ni Africa General Service Medal, na kibao hicho walipewa waliopelekwa kupambana na Mau Mau kati ya 1952 na 1956. Hapo shangazi alinyamaza kidogo, kisha akasema hiyo angependa iuzwe kwanza. Simlaumu.

Kilichonifungua macho ni ukingo. Nilichukua simu, nikawasha tochi ya simu nyingine kwa upande ili mwanga upite juu ya maandishi, nikapiga picha kuzunguka nishani. Ile ya fedha ina namba ya jeshi, cheo, jina la babu na K.A.R., yamechongwa pembeni kabisa. Nyota na War Medal ziko tupu. Nilidhani ni za bandia, kumbe sivyo: nishani za kampeni za Vita Kuu ya Pili ambazo Waingereza waliwapa askari wao, Keya wakiwemo, zilitoka bila majina. Afrika Kusini, India na Australia ndizo zilizochonga majina. Kwa hiyo hakuna kitu kwenye nyota yetu kinachoifungamanisha na babu, na mtu yeyote anaweza kununua nyingine kama hiyo.

Kwa bei, usisome anachoomba muuzaji mtandaoni. Kila mtu huomba anachotaka, tena hapo nishani halisi, kopi na vitu vya ukumbusho vilivyotengenezwa miaka ya karibuni vimechanganywa pamoja. Soma zilizokwisha kuuzwa. Noonans, wapiga mnada wa London, wanaweka kumbukumbu ya minada yao ya nyuma kwenye tovuti, na hapo unaona nyundo iligonga kwa pauni ngapi. War Medal nilizozikuta zilikuwa pauni 20 au pungufu, Burma Star karibu 30, na zenye kibao cha KENYA walizopewa Keya zilikwenda kati ya 80 na 160. Mnada nao hukata kamisheni yake, na posta si bure. Kiwanja cha Kibaha kikaishia hapo.

Ila kuna vitu viwili vinavyosogeza bei. Kwanza, seti kamili: aliyepata Burma Star kwa kawaida alipata pia 1939–45 Star, nyota nyingine ya vita hivyo, na ya kwetu haimo koponi. Pili, karatasi. Shangazi alikuwa na cheti cha babu cha kuachishwa jeshi, kimekunjwa ndani ya msahafu, na kinataja kikosi cha 36 cha Tanganyika. Kikosi hicho kilikuwa katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoteremka bonde la Kabaw huko Burma katika mvua za 1944 hadi mto Chindwin. Nyota isiyo na jina ikikaa pamoja na cheti hicho inakuwa ya babu. Ukivitenganisha, inarudi kuwa shaba ya pauni 30.

Bibi alitaka kuzisugua kwa majivu na limau zing'ae kabla mnunuzi hajarudi. Nilimzuia kwa heshima zote. Wakusanyaji hawapendi nishani zilizosuguliwa, na herufi za ukingoni huisha taratibu kwa kusuguliwa.

Mnunuzi aliporudi nilimwonyesha picha za ukingo na bei za mnada. Hakubisha, alipanda hadi laki tatu na nusu, akaomba na cheti. Kwa mfanyabiashara anayetaka faida hiyo si ofa mbaya. Baba mdogo aliniangalia, shangazi akachukua msahafu wake akaingia ndani, na tukamwambia haziuzwi. Ya fedha bado inajadiliwa.