Ile "ehe" ya mzee

Leo ni siku ya tisa tangu nirudi kutoka uwandani, na ile fomu ya kurasa nne ingali mezani chini ya kopo la tangawizi, imejazwa kila mahali isipokuwa mstari mmoja, ule wa mahali wanapolala popo. Katika siku hizo tisa tumemwoza mdogo wangu, Baba watoto amepata barua ya uhamisho wa Unguja, na karafuu za mwanzo za Mama zimeshauzwa. Yote yamenipita kama miti inavyompita abiria wa daladala. Kilichoning'ang'ania kichwani ni mazungumzo ya robo saa na mzee mmoja, kando ya makaburi, saa nne ya asubuhi.

Shehia yenyewe sitaitaja. Tulikwenda kwa ajili ya tathmini ya athari za kimazingira ya hoteli inayokusudiwa kujengwa ufukweni, na barabara ya kuifikia imechorwa kupita katika kijisitu cha mivule na miembe mikongwe, ambacho wenyeji hawakukigusa miaka yote kwa sababu wamezika humo wazee wao. Kwangu iliangukia popo wa Pemba, ambaye hapatikani pengine popote duniani ila kisiwani kwetu, na ambaye akikosa miti mikubwa ya kulalia mchana hana pa kukimbilia. (Bundi wa Pemba alipewa mwenzangu, mtu ambaye kwa tabia zake za kulala mchana nadhani walielewana mapema.)

Nilianza kwa salamu, na kazi nikaiacha isubiri. Sheha alikuwa ameshanitambulisha, kahawa imenywewa, na tumeulizana hali za nyumbani mpaka za mbuzi, ndipo nikasema:

"Babu, popo wanalala wapi siku hizi?"

"Popo? Wamehama."

"Wamehamia wapi?"

"Popo hana shamba, mwanangu, wala hana hati. Ataondoka akitaka."

Nilimwamini kwa muda wa pumzi mbili tatu, kisha nikatazama chini. Popo huyu hamezi tunda lote: hulitafuna, akafyonza maji yake, akatema makapi aliyoyabana mpaka yakawa kama kidonge cha kitambaa kilichokamuliwa. Karibu na kiatu changu palikuwa na vidonge vitatu vya embe, na kimoja kilikuwa kibichi, kina alama za meno, hata sisimizi hawajakigundua. Makapi peke yake huonyesha mahali pa kula, si pa kulala, lakini majani ya vichaka yote yalikuwa na madoa ya kinyesi, na harufu ile aliyewahi kusimama chini ya malazi yao haisahau. Mzee aliona ninachokitazama. Akasogea hatua moja, akakikanyaga kile kidonge kibichi kwa kandambili yake, taratibu, kama mtu anayepumzisha mguu tu.

"Wa kwanza alikuja na daftari kama hilo lako," akasema. "Wa pili akaja na wavu."

Nikajitetea, na kujitetea kwangu ndiko kunakoniumiza. Nilimweleza kwamba katika taarifa inayosomwa na kila mtu hatuweki nukta ya GPS ya kiumbe adimu. Tunataja wilaya, au tunachora mraba mpana, ili hata mwindaji akiisoma azunguke wiki nzima bila ya kupata kitu. Nikamtajia Kidike, ambako wanakijiji wenyewe ndio walinzi na wageni hulipa kwenda kuwaangalia popo.

"Kidike wana wageni," akajibu. "Hapa atalipa nani? Hawa waliolala?" Akaonyesha makaburi kwa kidevu, kisha akarudi kwenye mraba wangu. "Na huyo wa hoteli? Naye atapewa mraba?"

"Hapana, Babu. Yeye lazima aonyeshwe mahali penyewe, ili ajue pa kutopitisha barabara."

"Ehe," akasema mzee, na hakuongeza neno.

Tangu siku hiyo nimemjibu mara nyingi. Nimemjibu nikipika, nikisubiri gari Chake, hata siku ya harusi, wenzangu wakipiga vigelegele. Nimemwambia kwamba mshauri elekezi anabanwa na mkataba, "ehe." Nimemwambia kwamba nisipoandika kitu, tingatinga litapita juu ya makaburi na miembe kwa pamoja, "ehe." Nimemwambia kwamba Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2015 haikutungwa kwa mchezo, na hapo hata mimi mwenyewe nikajisikia ninavyozungumza kama bango la ofisi.

Kinachonizidishia uzito ni kwamba nafasi ya kukwepa ninayo. Katika fomu kuna kisanduku cha "hakuonekana", na saa nne ile mimi sikuona popo hata mmoja. Majani yalikuwa mazito na mzee alikuwa amenisimamia. Ningeweka alama nisingekuwa nimesema uongo. Lakini nimeshaona safari za neno hilo: huingia katika kiambatisho likiwa "hakuonekana", likatokea katika muhtasari wa mbele limeshakuwa "hakuna", na muhtasari ndio unaosomwa na wakubwa. Upande wa pili wa mizani nao mzee hakuukosea. Mwaka 1996 popo huyu aliwekwa katika Orodha Nyekundu ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira ya asili, kwenye ngazi ya walio hatarini mno kutoweka, baada ya kuwindwa na kukatiwa misitu, na zilihitajika juhudi za vijiji vyenyewe mpaka baadaye akashushwa ngazi mbili. Jike huzaa kitoto kimoja tu kwa mwaka. Wavu wa usiku mmoja unaweza kula uzazi wa miaka.

Jana usiku, nikiwa nakunja nguo, nikagundua kwamba muda wote huu nimekuwa nikikumbuka asubuhi peke yake, na jioni yake nimeiacha nje.

Jioni ile wenzangu walitangulia Wete, mimi nikabaki kwa sheha ili nihesabu wanaotoka, maana popo huhesabiwa wakati wa kuondoka, mbingu ikiwa bado ina mwanga wa kuwapambanua. Baada ya Maghrib nilikaa kwenye ukuta mfupi karibu na msikiti na kihesabio changu cha kubonyeza. Mzee alitoka, akakaa barazani hatua chache kutoka kwangu, hakunisemesha, akatoa tasbihi. Nikadhani anavuta uradi. Kisha wakaanza kutoka: mmoja, wawili, halafu kundi, mabawa yao mapana yakipiga polepole kama mtu anayekung'uta kanga, na manyoya yao ya rangi ya kutu yakionekana kila walipopita mbele ya wekundu wa magharibi. Nilibonyeza mpaka kidole kikafa ganzi.

"Huyo usimhesabu," nikasikia kutoka barazani. "Huyo anarudi. Anajaribu upepo kwanza, kisha atatoka tena."

Nikageuka. Kidole gumba chake kilikuwa kimesimama juu ya punje moja ya tasbihi, na macho yake yako juu. Popo yule akazunguka, akatoka tena, na punje ikasogea.

Giza lilipoingia nikamuuliza amepata wangapi. Akaniambia tasbihi ngapi na punje ngapi, nami nikatazama kihesabio changu. Tulipishana kwa saba. Akasema zile saba ni za watu wenye haraka. Tukacheka. Nimewezaje kuisahau siku tisa nzima, wakati ile "ehe" naibeba kama deni, sijui.

Asubuhi ya leo nimeujaza ule mstari. Nimeandika: "Malazi yapo na yanatumika. Mahali penyewe pataonyeshwa kwa kufika, pamoja na mwenyeji." Kwa hiyo mwenye hoteli akitaka nukta, itambidi aende, avue viatu barazani, anywe kahawa, aulizwe hali za mbuzi wake. Bosi huenda akairudisha akisema haijakamilika. Akiirudisha nitaandika maneno yaleyale kwa hati nzuri zaidi.

Nilitaka kueleza na habari ya uhamisho, lakini upande wa Mkoani kumeshakuwa cheusi. Majamvi matatu ya karafuu za Mama yako uani, yeye yuko hitimani na simu haipokei, na zikinyeshewa leo zitakuwa mpeta zote. Upepo umeshafungua dirisha la jikoni.