Kwenda Onllwyn, kijiji cha wachimba makaa

Onllwyn, kusini mwa Wales, hakufiki treni ya abiria tangu 1962. Nilipanda treni kituo cha Paddington, London, nikashuka mji wa Neath, kwa nauli ya kuumiza. Tiketi ya siku hiyohiyo ni ghali mno, kwa hiyo ikate mapema. Basi la kupanda bonde la Dulais hadi Onllwyn likaniacha. Mvua inanyesha, kibanda kinavuja, na kituoni yupo mzee aliyewahi kuchimba makaa.

Nikamuuliza: wakati wa mgomo wa wachimba makaa wa 1984 hadi 1985, mashoga na wasagaji wa London mbona walileta fedha huku, badala ya kuzipeleka kwenye chama cha wafanyakazi?

"Zingekamatwa," akasema.

Agosti 1984 mahakama ilizuia fedha za NUM, chama cha wachimba makaa, ya Wales Kusini, kwa hiyo pauni iliyopitia chamani ilikuwa hatarini. Basi vikundi vya mijini vikajichagulia jamii za kusaidia moja kwa moja. Njaa ilikuwepo kweli. Chama hakikutoa posho ya mgomo, ila serikali ilizikata familia £15 kwa wiki kwenye ruzuku, baadaye £16, kana kwamba posho hiyo imetolewa. Kijana asiye na familia hakupata hata senti.

Kikundi cha mashoga na wasagaji wa London, cha Mark Ashton na Mike Jackson, kilianza na ndoo za michango kwenye Pride, maandamano ya mashoga na wasagaji, Juni 1984. Ndoo zikahamia kwenye baa na mbele ya duka la vitabu la Gay's the Word, Marchmont Street. Desemba 10, tamasha katika ukumbi wa Electric Ballroom, na bendi ya Bronski Beat jukwaani, liliingiza zaidi ya £5,000.

Mzee hakukawia kwenye fedha. Alilolisisitiza ni kwamba Oktoba watu wa kikundi hicho walikuja wenyewe, wakalala majumbani mwa wachimbaji.

"Mke wangu aliwatandikia kitanda chetu. Sisi tukalala sebuleni."

Kwetu, walimu au madaktari wakigoma, tunatoa matamko. Sijasikia kikundi kilichochagua hospitali moja ya wilaya kikauliza ni nyumba zipi zimeishiwa unga. Jambo hilo linaniuma.

Mgomo uliisha Machi 1985 bila ushindi. Juni 29 wachimbaji wakaenda London, bendera ya tawi la NUM la mgodi wa Blaenant ikiwa mbele ya maandamano ya Pride. Mwaka huohuo, mkutano wa chama cha Labour huko Bournemouth ulipitisha azimio la haki za mashoga na wasagaji, na kura za NUM ziliunga mkono.