Kifuko cha jirani yangu wa Halle

Nimelelewa Michenzani, Unguja, kwenye majumba marefu ambayo mpango wake ulichorwa na Wajerumani Mashariki. Siku ya kwanza kuingia Halle-Neustadt, mji wa iliyokuwa Ujerumani Mashariki, sikushangaa hata kidogo: zege lile lile, ngazi zile zile, nguo zimeanikwa roshani. Baridi tu ndiyo ngeni. Mji huu ulianza kujengwa 1964, mwaka wa Mapinduzi yetu, kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya kemikali vya Buna na Leuna. Mitaa mingi haikupewa majina. Jumba lilikuwa na nambari, basi. Hata hilo kwetu tunalijua.

Jirani yangu wa mlango wa pili kashavuka themanini. Akitoka, hata kama anakwenda kutupa taka, koti lake halikosi kifuko cha nailoni cha maua maua, kimekunjwa kama leso. Nikamuuliza cha nini. Zamani, akanambia, ukiona foleni unajipanga kwanza, ndipo unauliza kinachouzwa. Ndizi hazitoi taarifa. Mwaka 1977 kahawa iliadimika, serikali ikaleta mchanganyiko wenye kahawa asilimia 51, iliyobaki njegere na nafaka. Mashine za mikahawani zikaziba! Gari lao, Trabant, waliliingojea miaka 13. Lakini kodi ya nyumba ilikuwa ndogo hata haikumbuki, na mtoto alikuwa na chekechea tangu alfajiri, mama yuko kiwandani. Anayasema haya bila kulia wala kujisifu, kama mama yangu anavyosimulia foleni za mchele za enzi ya Mzee Karume.

Mwezi uliopita binamu yangu alinijia kutoka Hamburg. Bibi jirani kumwona tu kwenye ngazi, akaniuliza: "Analala siku ngapi?"

Nikadhani umbea. Kumbe enzi zao kila jumba lilikuwa na daftari lake, na mgeni akizidi siku tatu ilikuwa lazima aandikwe: jina, anakotoka, anaondoka lini. Daftari alikuwa akiliweka mpangaji mwenzenu. Nikamwambia sisi Zanzibar tuna sheha, kiongozi wa mtaa anayewajua wakaazi wake. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Mimi nikaharibu. Stasi, polisi wa siri wa Ujerumani Mashariki, mwaka 1989 ilikuwa na wapashaji habari wa siri wapatao 189,000, na wengi wao ni mafundi, walimu, majirani tu. Tangu 1992 mtu anaruhusiwa kuomba kusoma faili lake. Nikamuuliza kama lake ameshalisoma.

Akakitoa kifuko, akakikunjua, akakikunja upya, pembe kwa pembe. Fomu anayo, akasema, iko kwenye droo tangu miaka hiyo, haijajazwa.

"Yule aliyekuwa akiweka daftari," akasema, "ndiye aliyenilelea mwanangu wiki tatu nilipolazwa."

Kisha akaniuliza kama binamu yangu anakula samaki.