Friji ya bibi ilikuwa inapiga shoti, kumbe shida ni nyumba

Nyumba ya bibi iko Ngamiani, Tanga, ni ya enzi za Mwingereza, na wote tuliokaa pale tulikuwa na sheria moja, ukitaka kufungua friji vaa kandambili. Ukienda peku, hasa deki imetoka kupigwa sakafu bado mbichi, mkono unarudi wenyewe. Sasa watoto na maji baridi unawajua, ndala hawavai. Nilipohamia pale kukaa na bibi nikasema hili haliendelei.

Fundi wa kwanza akasema friji imekufa ninunue nyingine. Wa pili akafungua plagi akabadilisha nyaya, ya moto akaiweka kwa nyutro (waya wa kurudisha umeme), na kweli shoti ikapungua, mama mdogo akafurahi. Ila ile ni hatari zaidi maana fyuzi ya kwenye plagi inabaki upande wa nyutro, siku ikikatika friji inazima kimya huku ndani bado kuna moto, mtu anaingiza mkono akijua haina umeme.

Ndo nikatafuta fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati na maji. Akaja mzee mmoja na mita yake, hakugusa friji kabisa mwanzoni, akazima swichi kubwa akafungua soketi. Akaniita. "Mwanangu njoo uone." Waya mwekundu, waya mweusi, basi. Pa kufungia ethi, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini, patupu, hata kutu ya skrubu inaonyesha haijawahi kufungwa kitu. Na ule mpira wa nje wa nyaya ulikuwa wa zamani kweli, akiukunja kidogo unavunjika kama biskuti, shaba inabaki uchi.

Akanielewesha kwamba friji nyingi zenye umri zinavuja umeme kidogo kwenye bodi, yaani bati la nje, si lazima iwe mbovu. Ethi ikiwepo ule umeme unashuka chini zake. Isipokuwepo unakaa pale kwenye bati unasubiri mtu peku apite, ndo mana kandambili zilikuwa zinasaidia.

Halafu tukaenda kwenye boksi la fyuzi. Zile za kigae unazochomoa unafunga kiwaya. Kuna mtu miaka ya nyuma alichoka kufunga kiwaya kila kikiungua akaweka nyuzi za shaba nene kutoka kwenye waya wa kawaida! Hiyo haikatiki hata dari iwake, itaungua nyumba fyuzi iko pale inakuangalia.

Kazi tuliyofanya kwanza ni ethi. Fimbo ya shaba ikapigwa nyuma karibu na bafu kwa sababu udongo wa pale haukauki, ukavutwa waya wa kijani na njano mpaka kwenye boksi jipya la breka. Nikadhani tumemaliza. Mzee akapima ile fimbo, ikasoma om 20 na kitu (om ni kipimo cha jinsi umeme unavyozuiwa kupita), akaniambia fanya hesabu, volti 230 gawa kwa 20 unapata kama ampea 11, breka ya soketi ni 20, itashtuka saa ngapi? Yaani fimbo peke yake isingekata umeme friji ikiharibika kweli. Ndo akafunga ile breka ya RCD ya miliampea 30, ambayo yenyewe inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ukipungua njiani inakata hapohapo. Kwa nyumba za zamani, kama hela ni ya kubabaisha, anza na hivi viwili, mambo ya swichi za urembo na taa za rangi yatasubiri.

Nyaya za soketi tukavuta mpya, unene wa milimita za mraba 2.5, kupitia juu ya dari.

Kesho yake umeme ukaanza kukata kila alfajiri. Bibi akanishukia, "mjukuu wangu umetuletea kitu cha kutuweka gizani." Nikachomoa kila kitu nikawa narudisha kimoja kimoja, friji haikati, pasi haikati, jagi la umeme halikati, kuchomeka ile hita ya kuchovya kwenye ndoo, paa! Ilikuwa imepasuka pembeni, na hiyo ndo ya maji ya kuoga ya bibi kila siku. Nikaikata waya kabla sijaitupa ili asije mtu akaiokota akaitumia.

Extension ya jikoni nayo nimeiondoa, walikuwa wanachomeka jagi na pasi pamoja, kila kimoja kama wati 2,000, na ile ni ya ampea 13, ilikuwa inanuka plastiki.

Kila mwezi mjomba anabonyeza kile kitufe cha T kwenye RCD kuona kama inakata. Waya za taa bado ni zile za kizamani, ila fundi ameziwekea breka ndogo ya ampea 6 na kuzipitisha kwenye RCD, tukipata hela tunazivuta zote upya kabla masika hayajaanza kuvujisha bati.