Shampuu, maji ya kisima na aibu yangu ya Tororo

Hapa Busia, upande wa Uganda, kila mtu ni fundi wa nywele za mwenzake. Nilipoacha kutia dawa na kuanza kufuga nywele za asili, jirani akanishauri: "Dada, shampuu ni kupoteza pesa. Sugua na sabuni ya kufulia, suuza, basi." Nikamsikiliza, tena siku moja kabla ya harusi Tororo.

Maji yetu ni ya kisima cha kupampu, yale yanayoacha magamba meupe kwenye birika. Nilisugua hadi mabega yakauma, povu hakuna. Nikaongeza sabuni. Nikasuuza beseni la kwanza, la tatu, la tano. Zilipokauka, kitana kilitoka na uchafu mweupe unaonata kama mafuta ya ng'ombe yaliyoganda. Harusini mtoto wa kaka yangu akapaza sauti mbele ya wakwe: "Shangazi, umetoka kusaga mahindi?" Nilijifunga kilemba mpaka jioni.

Wala haikuwa mba. Chokaa ya majini hushikana na sabuni ikawa utando. Shampuu haigandi na chokaa namna hiyo.

Aliyenifundisha kuitumia ni mama mmoja wa Kihindi mwenye duka. Aliponiuliza naoshaje, nikamwonyesha kwa kucha, akashtuka. Kumbe neno shampuu limetoka kwao: "champo", yaani kanda, bonyeza! Waingereza walilichukua likiwa na maana ya kukanda mwili, habari za chupa zikaja baadaye. Basi nakanda ngozi ya kichwa kwa ncha za vidole. Nywele zenyewe zinatosheka na povu linaloteremka.

Na hapa nijisifu kidogo. Natoboa kizibo cha chupa ya soda matundu matatu kwa sindano ya moto, natia vifuniko viwili vya shampuu, najaza maji. Napitisha mdomo wa chupa kwenye mistari ya nywele, hata zikiwa zimesukwa. Chupa ya dukani, Sh. 15,000 hivi, nakaa nayo miezi minne au mitano. Changanya ya siku hiyo tu, ikikaa huweza kuharibika. Kusuuza mara ya mwisho natumia maji ya mvua.

Ila usiiache chupa hiyo ya soda dirishani. Shemeji alitoka juani na kiu yake, akapiga funda mbili kabla hajanisikia nikipiga kelele.