Kaseti ya bayolojia, Mikindani 1998

Mwaka 1998 nilikuwa nasoma masta ya isimujamii, yaani lugha na jamii, pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa Kiingereza, utafiti ukanipeleka sekondari moja upande wa Mikindani, Mtwara. Kazi yangu kukaa dawati la nyuma na redio ya kaseti nirekodi watoto wanavyofundishwa. Wengi wao nyumbani Kimakonde, shule ya msingi miaka saba Kiswahili, afu kidato cha kwanza kila somo linageuka Kiingereza isipokuwa Kiswahili chenyewe.

Siku hiyo ilikuwa bayolojia, kidato cha pili, osmosisi, yaani jinsi maji yanavyopenya kuingia na kutoka kwenye seli. Mwalimu kijana na kazi anaijua, kaja na kiazi, kipande kimoja kwenye maji matupu kingine kwenye maji ya chumvi. Akawa anaeleza kwa Kiingereza, kila akiuliza mmeelewa darasa zima yes sir, lakini akiuliza kwa nini hiki cha chumvi kimelegea, kimya, macho yote kwenye madaftari. Hiyo yes sir nimeirekodi shule nyingi, inamsitiri mwalimu na mwanafunzi wote wawili.

Akarudishia mlango (Kiswahili darasani kilikuwa na adhabu) akasema haya jamani, semeni kwa Kiswahili. Akasimama binti ambaye sijawahi kusikia sauti yake. "Sir, si kama papa wa chumvi? Shangazi akishampasua akampaka chumvi, asubuhi unakuta maji kwenye beseni na hakuna aliyeyatia, yametoka mle mle kwenye nyama. Na hapa chumvi imeyavuta ya kwenye kiazi." Mwalimu akamuuliza, sasa hiki cha maji matupu mbona kimekakamaa? Akajibu hapo hapo, maji ya ndani ya kiazi ni mazito kuliko ya nje, kwa hiyo ya nje yameingia. Mwili ulinisisimka jamani, maana hiyo ndo osmosisi, kaitoa kichwani mwake mwenyewe.

Ijumaa wakafanya jaribio, swali lile lile kwa Kiingereza. Binti kanakili swali kwa mwandiko mzuri kabisa, chini yake hakuna kitu. Sifuri. Mwalimu aliumia, ila mtihani wa taifa ungempa hiyo hiyo.

Na haya yalikuwa yanajulikana. Tume ya Makweta, ile tume ya rais ya elimu, 1982 ilipendekeza sekondari wafundishwe kwa Kiswahili, serikali ikakataa, 1984 watafiti Criper na Dodd kutoka Uingereza wakapima wakaona wanafunzi wengi hawawezi kusoma kwa Kiingereza, kilichofuata ni mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa pesa za Uingereza. Mimi Kiingereza ndo kimenilisha, nakipenda, nataka kila mtoto akipate, lakini akipate kwenye kipindi chake na mwalimu aliyeandaliwa, bayolojia wamwachie aielewe kwanza.

Mwalimu aliniachia nakala ya karatasi ile. Mpaka leo nikipata walimu wapya nawapigia kaseti, nawaambia mpeni alama huyu mtoto, wanampa nyingi, wengine zote, afu ndo nawapitishia karatasi yake.