Vidonge vitatu vya babu

Mpwa wangu yuko mwaka wa pili chuo. Jana kanitumia bango la Januari 30, ile Siku ya Magonjwa ya Kitropiki Yasiyopewa Kipaumbele. Matembezi asubuhi, upimaji bure, mada mbili tatu ukumbini, na chini kabisa, kwa herufi ndogo, nafasi za wanafunzi kujitolea kwenye kampeni za kingatiba, yaani kugawa dawa za kukinga magonjwa, vijijini. Fulana inatolewa. Cheti kinatolewa. Chini yake kaandika: "Mamdogo, nijiandikishe? Au watatutumikisha tu?"

Nilianza kumjibu kwa ufupi, nikajikuta nimejaza skrini nzima habari za babu mmoja na kofia yake. Nikafuta. Ngoja niiandike hapa, jibu lake litafuata.

Mnaonisoma siku nyingi mnaukumbuka ule mwaka ambao boom, pesa yetu ya mkopo wa chuo, lilichelewa, nikarudi Lindi likizo ndefu na begi la nguo chafu na deni la mama ntilie wa geti la nyuma. Basi ni mwaka ule ule. Tangazo lilikuwa limebandikwa ubaoni, chini ya tangazo la chumba cha kupanga. Walitaka wanafunzi wenyeji wa Kusini, "wenye moyo wa kujitolea". Moyo sikuwa na uhakika nao. Neno nililolisoma mara mbili ni posho.

Semina ilifanyika mjini, ukumbini, feni moja inazunguka na nyingine imegoma. Nilikuwa nasomea mambo ya fedha, ya afya siyajui, kwa hiyo nilisikiliza kweli. Nilikulia kwenye mkoa wenye matende na mabusha kila mtaa, lakini siku hiyo ndiyo nilijua kwamba yote mawili yanatokana na minyoo wembamba kama uzi, wanaoenezwa na mbu. Kwetu tuliambiwa mabusha yanaletwa na kunywa madafu mengi. Kaka zangu walikua wakiyaogopa madafu huku wakilala bila chandarua.

Minyoo wakubwa wanakaa ndani ya mwili kwa miaka, watoto wao wanatoka kwenye damu usiku. Ndiyo maana wapimaji wa zamani walikuwa wakigonga milango ya watu kuanzia saa nne usiku mpaka saa nane, watoboe vidole, wachukue matone ya damu. Fikiria mwenyewe mgeni anabisha hodi saa sita usiku, anakuomba damu. Baadaye watu wakija mchana na vidonge, unategemea wapokewe kwa vigelegele?

Dawa zilikuwa mbili. Albendazoli, kidonge kimoja kwa kila mtu. Ivermektini, kwa urefu. Vijijini huwezi kuzunguka na mizani, kwa hiyo unabeba kipimo, mti mrefu uliochorwa mistari. Aliye chini ya sentimita 90 hapewi. Kuanzia hapo kidonge kimoja, akifika 120 viwili, 141 vitatu, akizidi 158 vinne. Wajawazito hapana, wagonjwa waliozidiwa hapana. Mara moja kwa mwaka, na si mwaka mmoja tu, kwa sababu dawa inamaliza wale wadogo wa kwenye damu lakini wazazi wao ni wagumu. Inabidi kijiji kirudie mwaka hadi mwaka, mitano au zaidi, mpaka wakubwa wazeeke wafe wenyewe. Huku Tanzania kazi hiyo ilianzia kisiwani Mafia mwaka 2000. Mwalimu wetu alikuwa anarudia asilimia 65, asilimia 65: wakimeza pungufu ya hapo katika watu wote, mmepoteza muda.

Nikapangiwa kijiji cha mbele ya Mchinga, nifanye kazi na mgawa dawa wa pale. Mama wa makamo, darasa la saba, mwandiko wa kulala upande mmoja. Alizijua nyumba zote, nani kahama, nani mjamzito na bado hajamwambia mumewe. Kitabu cha orodha alikishika yeye, mimi nilishika kipimo na kalamu ya akiba. Posho yangu ilikuwa kubwa kuliko yake. Hilo nililijua siku ya kwanza tu, tulipokuwa tunakula ming'oko kando ya njia, na yeye ndiye aliyelipia.

Nyumba kwa nyumba hatukufika mbali. Ulikuwa ni mwezi wa kumi, korosho zimeanza kudondoka. Milango imefungwa, watu wamehamia mashambani na vyungu na mikeka yao. Aliyepanga ratiba ile nadhani hajawahi kuokota korosho. Mama akaamua tuweke kituo chini ya mwembe karibu na njia ya mashambani, mapema, kabla watu hawajapita. Ndoo ya maji, vikombe, meza ya kuazima shuleni. Kipimo tukakiegemeza kwenye shina.

Babu alikuja jua limeshapanda, baada ya akina mama na watoto. Msuli wa mistari ya kijani, shati jeupe la mikono mirefu, kofia ya viua iliyofuliwa mpaka ikapauka. Alitembea polepole, miguu ameitanua, mkono mmoja umekamata msuli kwa mbele. Kila mtu pale alijua kwa nini, na hakuna aliyetazama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mke wangu. Wa kwa nani wewe?"

Nikamtajia upande wa bibi yangu, wa Kitomanga. Akafikiri kidogo. "Basi kumbe mahari nilishalipa. Nipe dawa twende nyumbani."

Foleni ikacheka, na mimi nikacheka, nikamwomba asimame kwenye kipimo. Akasimama wima, kidevu juu, visigino vimegusa shina. Nikamwambia avue kofia.

"Kofia ni yangu au yako?"

"Yako babu, lakini haipimwi."

"Mimi sitembei bila kofia. Urefu wangu ni pamoja na kofia."

Hapo sasa hata watoto waliokwisha meza wakarudi kuangalia. Pamoja na kofia, babu alikuwa anavuka mstari wa mwisho, ana vidonge vinne. Bila kofia, sikuwa na uhakika. Mama mgawa dawa akainua uso kutoka kwenye kitabu, akasema, "Mzee, vua." Akavua. Nikaweka kiganja changu juu ya kipara chake, kilikuwa na jasho na kina joto, nikakisukuma polepole mpaka kikagusa mti. Kiganja kikatua chini ya mstari. Upana wa kidole kimoja, haukuzidi.

"Vitatu, babu."

"Mwanangu jana kapewa vinne. Huyo nimemzaa mimi. Mtoto atamzidije baba yake dawa?"

"Kwa urefu, babu."

"Nilipokuwa kijana nilikuwa wa vinne," akawaambia waliokuwa nyuma yake, kana kwamba kuna aliyebisha.

Nikammiminia kiganjani vile vitatu vidogo na kile kimoja kikubwa. Hakumeza. Alivigeuza kwa kucha ya kidole gumba, kimoja kimoja. Kisha, bila kuniangalia, akauvuta msuli kidogo tu kwa ule mkono mwingine.

"Hivi vinaliondoa hili?"

Jibu nilikuwa nalo, tulifundishwa. Nikamsogelea nikamwambia kwa sauti ya chini, maana niliona aibu kwa niaba yake. Akanikatiza. "Sema kwa sauti. Na wao wasikie."

Nikasema kwa sauti. Kwamba dawa hii haiondoi busha lililokwisha kuota. Inaua minyoo wadogo walio kwenye damu, ili mbu akikuuma asiwabebe kuwapeleka kwa mwingine. Busha lenyewe linatolewa kwa upasuaji, tena si upasuaji mkubwa, mara nyingi ni ganzi tu na baada ya muda mfupi mtu anarudi kwake.

"Kwa hiyo hivi nawamezea hawa." Akaonyesha foleni kwa kidevu.

"Ndiyo, babu."

"Na wao watanichangia nini mimi nikakatwe?"

Watu wakacheka. Kicheko kile kilianza kikubwa, kikapungua, kikabaki kwa kijana mmoja aliyesema, "Tutakuchangia korosho babu." Babu akamjibu bila kugeuka: "Zangu mwenyewe, zile mlizoziokota usiku." Wakacheka tena. Yeye hakucheka. Alikuwa ananitazama mimi, anasubiri, kama mtu aliyeuliza bei dukani.

Aliniuliza na mengine, taratibu, kwa adabu kabisa. Mjini anashukia wapi. Analala siku ngapi. Anayemuuguza atakula wapi. Na korosho zake zinaokotwa na nani wakati huo. Hayo hayakuwemo kwenye semina. Nikasema, "Tutaangalia, babu." Akatikisa kichwa, akavimeza. Kimoja, funda la maji. Cha pili, funda la maji. Mpaka cha nne. Halafu akafungua mdomo wote, akatoa ulimi, akauinua, nione hakuficha chochote. "Andika," akaniambia. Akavaa kofia yake, akashika njia.

Mama aliandika. Na mimi, kwa ile kalamu ya akiba, nikaongeza pembeni ya mstari wake: busha, anataka kukatwa, hana nauli wala wa kumuuguza.

Miaka baadaye nilisoma kwamba ile ivermektini chanzo chake ni kijidudu alichokipata Satoshi Ōmura kwenye udongo wa Japani, na mwaka 2015 yeye na William Campbell wakapewa Nobel. Ningekuwa nalijua hilo siku ile, labda ningepata la kumwambia. Au pengine ndiyo ningejiaibisha zaidi: dawa imetoka Japani mpaka chini ya mwembe wake bila yeye kulipa hata senti, halafu kutoka kwake mpaka mjini pale, njia imekatika.

Siku zilizobaki hazina hadithi kubwa. Wengine waliwashwa usiku, mmoja alitapika, uvumi ukaenea kwamba vidonge vinamaliza nguvu za kiume, mwenyekiti wa kitongoji akameza hadharani, uvumi ukatulia, ukahamia kijiji cha pili. Siku ya kukabidhi vitabu, kijana aliyekuwa anajumlisha alipitisha kidole kwenye yale maandishi yangu ya pembeni. Niliandika ya wengine pia, baada ya babu, maana walisikia na wakaja. Akaniambia vizuri tu, bila ubaya, kwamba fomu ya majumuisho haina pa kuyaweka. Inataka waliomeza na wasiomeza. Mama mgawa dawa alikuwa amesimama nyuma yangu. Akakohoa, akanyamaza.

Posho ilikuja. Nikalipa deni la mama ntilie, nikanunua simu. Cheti nacho kikaja, kina mihuri miwili. Na cheti kile kilifanya kazi, nisidanganye. Kwenye usaili wangu wa kwanza waliniuliza changamoto niliyokutana nayo nikifanya kazi na jamii. Nikawapa babu, mwanzo mwisho, kofia na yote. Wakacheka palipotakiwa kucheka, wakainamisha vichwa palipotakiwa. Kazi nikapata. Sijui hilo linaitwaje. Yeye aliuliza nauli, mimi nikapanda.

Yule mama wa kijijini nilikutana naye tena kwenye msiba, Kitomanga, bado anagawa dawa. Tulikaa jikoni nyuma tunachambua mchele. Nikamuuliza habari za babu.

Akasema kambi ya upasuaji wa mabusha ilikuja kweli, bure, madaktari wazima, na gari la matangazo lilipita mpaka pale kwenye mwembe. Wapo waliokwenda, na wamerudi wanavaa suruali. Babu je? Ilikuwa mwezi wa kumi na moja, mama akasema, minada ya korosho imefunguliwa. Babu alikuwa amepeleka magunia yake chama cha msingi cha ushirika, pesa hazijaingia, na zilizobaki shambani ziko chini zinasubiri mvua iziharibu. Alisema madaktari wamsubiri wiki mbili. Hawakumsubiri.

"Hakukasirika?"

"Akasirike nini. Kila mwaka anameza. Vitatu vyake. Na kila mwaka anagombana na mimi kuhusu kofia."

Nikauliza kambi nyingine inakuja lini.

Mama akapepeta ungo, akapuliza pumba upande wa pili, akaniangalia kwa mshangao kidogo. "Sasa mwanangu, mimi nitajuaje? Mimi nilidhani wewe ndiye umekuja kutuambia."